Seli hazijiui, Mhariri

Mhariri,

Miaka 19 nalinunua gazeti lako kila asubuhi pale Mwembe Tayari na sijakuandikia hata mstari mmoja, hata mlipochapisha fumbo lilelile wiki mbili mfululizo. Lakini ile taarifa ya ukurasa wa afya, "Dawa Mpya Zalazimisha Seli Kujiua", imenitoa pangoni.

Dadangu wa Kisauni ana saratani ya tezi za limfu. Ana miaka 69, na gazeti husomewa na mjukuu wake baada ya alasiri. Siku hiyo mtoto alisoma kwa sauti kubwa, kama afanyavyo darasani, mpaka akafika kwenye "kujiua". Bi mkubwa akaweka ungo wa mchele chini. "Hebu rudia hapo." Mtoto akarudia. Basi akainuka, akatoa kadi ya kliniki mkobani, akaisokomeza chini ya godoro, akasema kujiua ni haramu na yeye hatalipia dripu ya kuufundisha mwili wake dhambi. Sisi tukacheka, kosa letu. Akakosa dripu ya tatu ya kemo, dawa yake ya saratani, akakosa na ya nne. Wiki sita, Mhariri! Binti zake wanalia, mimi kila jioni navuka daraja la Nyali kwa matatu kwenda kubembeleza, na tezi ya shingoni, iliyokuwa imenywea ikawa kama kunazi, inarudi kuwa yai la kuku. Mwisho ni imamu wa mtaa aliyeketi naye mkekani, akamwonyesha mkungu ulioko uani na kumwuliza: majani yale mekundu yakipukutika, mti umejiua? Jumanne iliyofuata alikwenda.

Imamu yule, bila kujua, alisema walichosema wanasayansi wenyewe. Kerr, Wyllie na Currie walipolitoa neno apoptosisi, jina la kitaalamu la hicho mlichokiita seli kujiua, mwaka 1972, hawakulibuni ofisini saa ya kufunga gazeti. Walimwendea profesa wa Kiyunani wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, naye akawapa neno la majani kuanguka mtini. Kiswahili tunalo tayari: kupukutika. Nyinyi mlimwuliza nani?

Seli iliyochoka au kuharibika hupewa amri, ikajikunja, ikajikata vipande, na jirani zake wakavimeza kimya kimya. Vidole vyako unavyoandikia, Mhariri, vilikuwa vimeungana kama mguu wa bata tumboni mwa mamako mpaka seli za katikati zilipopukutika. Saratani ni seli zilizogoma kuondoka. Aina aliyo nayo dadangu mara nyingi hujaza protini iitwayo BCL-2, inayozizuia zisiitikie amri. (Waheshimiwa wetu nao wana BCL-2 yao, lakini hiyo ni barua nyingine.) Kemo huzijeruhi mpaka zitii, ila hupitia na za nywele na za mdomo, ndiyo maana dadangu amebaki na kipara na uji wa baridi. Hilo hamkuandika. Wala hamkuandika kwamba kwa aliyepigwa na kiharusi mambo hugeuka, madaktari wakatamani seli za ubongo zisipukutike.

Na tukiwa hapohapo kwenye lugha: ile fomu ya kukubali matibabu aliyowekewa dadangu imeandikwa Kiingereza kitupu, kurasa tatu. Akapaka wino, akabonyeza kidole gumba. Nilimwuliza karani ya Kiswahili iko wapi, akanitazama kama niliyeomba ya Kichina. Hapa, Mombasa!

Dawa ninayo. Kabla ukurasa wa afya haujakwenda mitamboni, usomeeni mwanamke yeyote wa zaidi ya miaka 60 anayechagua mchele. Akiweka ungo chini, futeni. Mkimkosa, nipo mimi Jumatatu na Alhamisi kuanzia saa nne asubuhi. Sitaki malipo, mahamri mawili na mbaazi zenye tui zito, si lile maji mnalouziwa hapo chini ya ofisi yenu.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Majengo, Mombasa