Kwa nini hatupokei oda za biskuti usiku wa mwezi kuandama

Kila mwaka, usiku wa mwezi kuandama, simu yangu haitulii. "Dada, Idi kesho, niwekee kilo mbili za nankhatai." "Da mdogo, nisaidie hata nusu kilo ya vileja, nina wageni." Nawajibu wote jibu moja, kwa heshima zote: samahani, oda zimefungwa. Wengi wanaelewa. Wengine wananuna, na mama mmoja wa Tabata, mteja wangu tangu naanza kuoka kwenye jiko la mkaa, aliniambia waziwazi kwamba siku hizi nimeanza kuringa. Neno lile liliniuma. Mama yule alininunulia biskuti wakati bado napalia makaa juu ya sufuria na nusu ya trei inaungua. Kwa hiyo leo nimekaa nieleze vizuri, kwake na kwenu nyote, kinachotokea kati ya oda yako na biskuti inayofika mezani.

Biskuti ikitoka kwenye oveni bado haijawa biskuti. Ukiishika ya moto inapinda, ukiibonyeza inaingia ndani. Sukari iliyomo bado ni laini, samli bado ni majimaji, na mvuke bado unatoka katikati. Anayepika kashata anajua habari hii: ukiimwaga kwenye sinia inatiririka, ikipoa inalia kwenye meno. Biskuti nayo ni hivyo hivyo. Mlio ule wa kuvunjika unakuja wakati wa kupoa, na ukiukatiza hauupati tena.

Niliukatiza mara moja. Ilikuwa mkesha wa Krismasi, na kaka mmoja alikuwa anawahi basi la alfajiri kwenda Moshi. Mnajua Desemba ilivyo, watu wa Kilimanjaro wote wanarudi nyumbani na tiketi ni za kugombania. Alitaka boksi nne za zawadi: ya mama yake, ya shangazi zake wawili, na ya mama mkwe. Nilioka usiku kucha, na saa kumi alfajiri nikazipanga kwenye makopo zikiwa bado na uvuguvugu, nikafunga vifuniko vizuri kabisa. Kufunga vizuri kule ndiko kulikoharibu. Mvuke haukupata pa kutokea. Ukapanda, ukagonga kifuniko, ukarudi chini kama matone. Alipofungua kopo Moshi jioni ile, akanipigia picha: kwa ndani kifuniko kilikuwa kimetoka jasho, na biskuti za juu zilikuwa laini kama mkate wa jana. Nilimrudishia hela yake yote. Lakini zawadi ya Krismasi kwa mama mkwe hairudishiki kwa hela, na hilo sijalisahau.

Tangu siku ile hakuna kopo linalofungwa kwangu kabla biskuti hazijakaa kwenye waya wa kupozea angalau saa mbili. Mdogo wangu, ambaye ndiye mfungaji wetu, ana kipimo chake. Anachukua biskuti moja ya katikati ya trei, anaigusisha upande wa chini kwenye mdomo wa juu, pale chini ya pua. Mkono unadanganya kwa sababu umezoea moto wa jikoni. Ngozi ile ya mdomo haidanganyi. Ikisikia joto kidogo tu, trei nzima inasubiri.

Halafu kuna hewa yetu. Anayeishi Dar, Tanga au Unguja anaona mwenyewe: chumvi inashikana kwenye kichupa, sukari ikiachwa wazi inakuwa donge. Biskuti ina sukari nyingi, nayo inavuta maji yale yale yaliyo hewani. Wateja wangu wa Dodoma huniambia za kwao zinakaa muda mrefu zikiwa vile vile, wakati hapa mjini sahani iliyoachwa wazi kutoka futari hadi daku imeshalegea. Na tazameni kalenda. Mwaka 2025 Idi el-Fitr iliangukia 31 Machi. Kwa kuwa inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, kwa miaka hii tunaikuta ama mvua za masika zikianza, ama kwenye lile joto la Februari na Machi ambapo hata siagi haishiki umbo mezani. Vyote viwili ni adui wa biskuti, na vyote viwili vinanidai muda zaidi.

Sasa nije kwenye nankhatai zenyewe, maana ndizo mnazozigombania.

Nankhatai zilitufikia pwani na watu wa Bara Hindi, na zimekaa hapa hadi watoto wetu hawajui kama zilitoka mahali. Ndani yake hamna yai. Ni unga wa ngano, sukari ya kusaga, hiliki, na samli nyingi: kwa kila gramu 500 za unga naweka gramu 300 za samli. Kazi yote iko mwanzoni. Samli na sukari zinachapwa mpaka zibadilike rangi, ziwe nyeupe na nyepesi kama povu la sabuni, ndipo unga unaingia kidogo kidogo kwa mkono. Hapo unga haukandwi kama wa chapati, unakusanywa tu. Ukiukanda, ule mnato wa ngano unaamka na biskuti inakuwa ngumu ya kutafuna badala ya kusagika yenyewe ulimini. Kisha donge linapumzika kwenye friji, kwa sababu samli ikiingia kwenye oveni ikiwa imelegea, biskuti inatandazika na kuwa bapa. Baada ya hapo ni viduara vya ukubwa wa ndimu ndogo, kidole gumba kinabonyeza katikati, lozi moja inakaa. Oveni nyuzi 160, dakika 18 hadi 20. Nankhatai nzuri haiwi kahawia juu. Inabaki nyeupe, inapasuka nyufa nyufa zenyewe, na ukiigeuza ndipo unaona rangi ya dhahabu imekaa chini. Kila trei nageuza moja kabla sijaitoa.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisitumie siagi au majarini ili bei ishuke. Siagi ina maji, kama gramu 16 katika kila gramu 100, wakati samli ni karibu mafuta matupu. Maji yale ndiyo yanayouamsha mnato niliousema. Kwa nankhatai sitabadilisha, hata bei ya samli ipande. Lakini kwa biskuti za mashine, zile zinazotoka kwenye mashine ya kusagia nyama zikiwa na mistari, natumia majarini kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu haiyeyuki upesi na ile mistari inabaki imesimama. Ukizitaka kwa siagi tupu nitakuokea, ila usishangae mistari ikilala.

Vileja ni habari nyingine. Unga wa mchele hauna mnato ule wa ngano hata chembe, ndiyo maana kileja kikiguswa vibaya kinakuwa unga. Ni kitamu kuliko vyote kwangu, na hiliki na maji ya waridi yakikaa usiku mmoja ndani yake harufu inatulia, inakuwa ya kiungwana. Ila hakisafiri. Mkinipa oda ya vileja kwenda Mwanza kwa basi nitawashauri vingine. Safari ndefu ni ya biskuti za mashine na za tangawizi, ambazo zimeshikana na zinavumilia mtikisiko.

Jambo moja la kuangalia hapo: mwenye mwili unaokataa ngano asidhani vileja vyangu ni salama kwake. Vinapikwa jiko moja, meza moja, na unga wa ngano unaruka jikoni kutwa. Aniambie mapema na nitamweleza ukweli, hata kama maana yake ni kumkosa kama mteja.

Hesabu ya usiku ule wa mwezi, basi, ni hii. Kilo moja ya nankhatai ni biskuti kama 45. Oveni yangu inaingia trei mbili, kila trei biskuti 30. Wiki ya Idi iliyopita tulioka kilo 40, yaani biskuti 1,800, trei 60, mizunguko 30. Mzunguko mmoja pamoja na kupakia na kutoa ni kama dakika 25. Hiyo ni zaidi ya saa 12 za oveni bila kupumua, na umeme usikatike. Hapo sijahesabu kuchapa samli, kupumzisha donge, kupoza, wala kufunga. Ukiniandikia saa tatu usiku mwezi ukiwa umeshaonekana, ninachoweza kukupa asubuhi ni biskuti zilizofungwa na mvuke wake. Utazitoa mbele ya wageni wako pamoja na kahawa na halua, na watoto waliokuja kuomba sikukuu, na zitakuwa zimelegea. Bora uninunie.

Kwa anayekwama kweli, nina njia. Friza yangu ina donge la biskuti za tangawizi na za mashine, limeviringishwa kama mwanzi na kugandishwa, nusu kilo kila moja. Unalichukua, unakata vipande vya unene wa kidole kidogo, unaoka mwenyewe nyuzi 180 kwa dakika 12 hivi. Akina mama wengi siku hizi wanaliweka kwenye friza zao kwa ajili ya siku za kawaida: mgeni akibisha hodi, wanaoka sita, nyumba nzima inanukia, na chai haijachemka sawasawa. Hilo tunauza hata usiku wa mwezi.

Zikifika kwako, zihamishie kwenye kopo la bati au chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Mfuko wa plastiki unaofungwa kwa fundo hautoshi. Usichanganye kopo moja na keki wala visheti, maana kilicholaini kinampa maji kilichokavu, na baada ya siku moja vyote vinafanana. Zikilegea hata hivyo, usizitupe. Zipange kwenye trei, oveni nyuzi 130, dakika tano mpaka saba. Zitatoka laini bado, usiogope. Ziache wazi zipoe kabisa, na mlio utarudi. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye mchanga au chumvi chini, sahani ya bati juu yake, moto mdogo.

Oda za Idi, basi, tunafunga tarehe 24 Ramadhani, na za Krismasi tarehe 18 Desemba. Kinachosafiri kwa basi kinataka siku mbili kabla ya hapo. Boksi za zawadi ni za kilo moja na nusu kilo, na ukitaka jina la mtu kwenye kadi nitumie likiwa limeandikwa vile vile anavyoliandika mwenyewe. Mama wa Tabata, kilo zako mbili za nankhatai nimeshaziandika kwenye daftari la mwaka huu, ukurasa wa kwanza. Nithibitishie tu kama lozi au korosho.