Kukosa kombe si kufeli

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia, lakini taarifa yenu ya kufunga msimu, iliyoiweka Dodoma Jiji katika kundi la timu "zilizofeli", imenilazimu kushika kalamu.

Ligi Kuu ina timu 16 na bingwa ni mmoja. Tangu Azam walipotwaa ubingwa msimu wa 2013/14, kombe halijatoka mikononi mwa Simba na Yanga. Kwa kipimo chenu, timu 15 hufeli kila mwaka, na klabu ya mkoani iliyopanda daraja mwaka 2020 haina la kujivunia hata ikibaki Ligi Kuu msimu baada ya msimu. Yanga walipofungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam mwaka 2023, kisha wakashinda 1-0 Algiers na kulikosa Kombe la Shirikisho kwa kanuni ya bao la ugenini, tuliambiwa wamelitoa taifa kimasomaso, na Rais akawaandalia chakula Ikulu. Walistahili. Ninachouliza ni kwa nini heshima hiyo ya kutazama timu ilikotoka huishia Morogoro.

Maneno haya huwafikia watoto. Mwaka jana, katika fainali ya shule za msingi hapa kwetu, kipa wa darasa la sita aliyeokoa mashuti ya hatari mchezo mzima alifungwa kwenye mikwaju ya penalti, na watu wazima, wakiwamo wazazi wa wachezaji wenzake, wakaingia uwanjani kumzingira wakimwita galasa, huku mwalimu wa michezo, ambaye alipaswa kumkinga, akimwamuru avue jezi palepale mbele ya umati. Mtoto huyo ni mjukuu wa jirani yangu, na hadi leo akiitwa kucheza hujifungia ndani. Nani alifeli pale?

Makocha nao wanafukuzwa baada ya mechi chache tu, na kocha anayejua kwamba sare mbili zitamfungisha virago hathubutu kumpanga kijana; atawachezesha wakongwe hadi msimu uishe, kisha tushangae vipaji vya Kondoa na Mpwapwa vinapotelea wapi.

Naomba kila Jumatatu, chini ya msimamo wa ligi, mchapishe jedwali la pili linaloonyesha dakika walizocheza vijana wa chini ya miaka 20 katika kila timu. Nafasi yake ipatikane kwa kuondoa safu ya tetesi za usajili.

Mwalimu mstaafu,
Makole, Dodoma