Lava kusimama si preve (ushahidi) ya Mungu

Bwana Mhariri, huku Goma bado nasikia mapasta wanasema eti lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, pembeni ya mji, bila kufika mjini kati, kwa hiyo Mungu yuko, preve ndiyo hiyo. Sasa yule wa Buhene mwenye nyumba ilifunikwa na mawe meusi mnamwambia nini? Na 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, mbona hiyo hamuisemi? Mwanateolojia Thomas Aquinas alitoa njia tano za kuthibitisha Mungu, mwanafalsafa Kant akakuja 1781 akasema akili peke yake haiwezi kumthibitisha, na hata yeye hakusema Mungu hayuko. Mie naamini kabisa, nasali, lakini mapasta wetu tafadhali muache kutumia hasara ya jirani kama ushahidi.

Msomaji wenu, Goma