Malalamiko: faini ya miadi, na meseji iliyomfikia shemeji

Tukuyu,
20 Machi 2025

Meneja,
Kituo cha Ushauri Nasaha,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOZWA ADA YA MIADI NILIYOIKOSA TAREHE 11 MACHI, NA SIRI YANGU KUTOLEWA NJE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu tangu Novemba mwaka jana, kila baada ya wiki mbili, Jumanne saa kumi jioni. Jina langu silitaji humu, na sababu mtaiona mbele. Namba ya faili nimeiandika nyuma ya bahasha.

Siku hiyo ya tarehe 11 nilipanda kosta hapa Tukuyu saa saba mchana. Kutoka huku hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, na nikiondoka saa hiyo huwa nafika na nafasi ya kunywa chai. Tulipokaribia Isyonje mvua ilikuwa inamwagika, ukungu umeshuka mpaka kwenye lami, na mbele yetu roli limelala likaziba njia yote. Mnaijua Machi ya Rungwe. Abiria wakashuka, wengine wakanunua viazi kwa kina mama wa pembeni, mimi nikahangaika kutafuta mtandao. Saa nane na dakika 40 nikapiga simu mapokezi, ikaita hadi ikakatika. Nikatuma meseji: "Dada, njia imefungwa Isyonje, sitawahi. Naomba mshauri anipigie saa kumi tuongee hivyohivyo." Jibu lilinifikia saa kumi na moja, magari yameanza kusogea: nimekosa miadi bila kutoa taarifa ya saa 24, natakiwa kulipa ada yote, sh. 40,000.

Sipingi kuwepo kwa kanuni hiyo. Niliisaini siku ya kwanza na niliisoma. Mimi ni fundi cherehani, najua maana ya mtu kushika nafasi yako wiki ya harusi halafu akatokomea. Saa ya mshauri ikishapita imepita, hawezi kuikunja akaiweka kabatini amuuzie mwingine kesho. Ndiyo maana na mimi sikati kitambaa cha mtu bila advansi. Lakini mteja wangu akinipigia kwamba amekwama njiani, kwanza namuuliza yuko salama? Habari ya hela inafuata.

Na hiyo kanuni mbona inanifunga mimi peke yangu? Tarehe 11 Februari nilifunga kibanda changu mchana, nikapanda gari, nikashuka Uyole nikaunga daladala, nikafika kwenu nikakuta mlango una kufuli. Mlinzi ndiye aliyeniambia mshauri yuko semina. Hakuna aliyenipigia siku moja kabla, wala saa moja kabla. Nauli yangu haikurudi, na wiki mbili baadaye mapokezi hawakuligusia kabisa. Sikudai kitu. Nilijisemea ni bahati mbaya, binadamu wote tunasahau. Mwezi mmoja baadaye bahati mbaya ikanikuta mimi, nikapewa bili.

Hata hivyo, kama ingekuwa faini tu, nisingeandika. Ningelipa nikanung'unika.

Ijumaa ya tarehe 14 mlituma meseji ya kunikumbusha deni. Hamkuituma kwangu. Mliituma kwa shemeji yangu, kwa sababu Januari simu yangu ilikuwa na tatizo na nikamwomba anilipie kwa namba yake. Nilimwambia ni hela ya vipimo. Meseji yenu ikamweleza vizuri kabisa: mteja hakuhudhuria "ushauri wa msongo wa mawazo", anadaiwa, alipe ndani ya siku tatu. Shemeji si mtu mbaya. Alifikiri ananisaidia, akamwambia kaka yake, na kaka yake akamwambia mama.

Jumapili tulikula kwa mama mkwe. Huwa tunakula sinia moja. Siku hiyo nyama yangu iliwekwa pembeni kwenye bakuli, na mama akanisogezea akisema, "Kula taratibu, mwanangu," kwa sauti ile anayotumia kwa wagonjwa. Wifi akawaondoa watoto karibu yangu. Hakuna aliyeuliza kitu. Miezi minne nilikuwa nakuja kwenu ili pawe na mahali pamoja duniani ambapo naongea na hayatoki nje.

Deni nimeshalipa, kwa aibu, siku hiyohiyo. Sasa naomba haya. Namba ya shemeji ifutwe kwenye kumbukumbu zenu leo. Meseji zenu zisitaje huduma. "Una miadi Jumanne saa kumi" inatosha, hata mtu wa benki angeweza kuandika hivyo. Ile sh. 40,000 ihesabiwe kuwa malipo ya kikao kijacho. Na kanuni yenu iandikwe upya iseme mteja atafanyiwa nini nyinyi mkivunja miadi, na aliyekwama barabarani apewe nafasi ya kuongea na mshauri kwa simu kabla hajatozwa. Mngefikiria pia wale ambao siku wanayokosa ndiyo siku waliyoshindwa hata kuinuka kitandani. Watu wa namna hiyo si ndio wateja wenu?

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu zimo kwenye taarifa nyeti. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14 nitaandika kwa Tume inayoisimamia. Majibu yasitumwe kwa simu. Nitayachukua mwenyewe mapokezi.

Mshauri wangu sina ugomvi naye, na naomba asisomewe barua hii kama mashtaka. Miadi ya Jumanne tarehe 25 sijaifuta. Safari hii nitapanda gari la asubuhi.

Wenu,
Mteja wa Jumanne, saa kumi jioni