Barua kwa Mutiso kuhusu orodha yake ya samaki

South B, Nairobi
Jumapili, 13 Julai 2025

Kwako Mwalimu Mutiso,

Salamu nyingi kutoka huku South B, na natumaini mama watoto na Kioko wameshapona mafua ya baridi hii. Orodha uliyonitumia nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu katika tangi la maji ya chumvi la lita 80 umepanga kuweka samaki wa kujaza bandari ya Kilindini. Utanisamehe nikikata majina mengi.

Kwanza ujue kwamba lita 80 zako zitapungua. Ukishaweka mchanga na mawe, maji yatakayobaki ni kama lita 65. Zaidi ya hayo, hapa Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambapo shinikizo la hewa limepungua kwa karibu sehemu moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Kwa hiyo idadi ya samaki ambayo mtu wa Nyali anaweza kuimudu, sisi wa huku juu tuipunguze, na pampu tuielekeze juu ili uso wa maji usitulie hata kidogo.

Kangaja uliyemwona Watamu mwezi wa Aprili, yule wa samawati mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, ndiye wa kwanza kutoka. Anapouzwa huwa na urefu wa kidole, lakini akikua hupita sentimita 20, na kazi yake mchana kutwa ni kuogelea kando ya miamba akila mwani. Katika tangi lenye urefu wa sentimita 60 atakuwa anapiga kona kila baada ya pumzi mbili. Kitatange naye hana kosa isipokuwa chakula chake, kwani wengi wa ukoo huo hudonoa nyama ya matumbawe, na kumweka humo ni kumfunga mbuzi katika shamba la sukumawiki. Mandarini, yule mwenye michoro kama ya kitenge, hula vijidudu vidogo mno anavyovitafuta juu ya mawe tangu asubuhi hadi jioni. Katika tangi dogo atavimaliza baada ya wiki chache, kisha atakonda polepole huku chakula cha dukani kikimpita puani.

Kuhusu wale samaki wadogo wa buluu, ambao umeandika kwamba utanunua watano kwa kuwa bei yao ni nafuu, nisikilize kwa makini. Tangi langu la kwanza nililianza na mmoja tu wa aina hiyo. Alijichagulia shimo chini ya jiwe la kushoto, na miezi miwili baadaye nilipomleta gobi, samaki mdogo wa mchangani, yule wa buluu alimkimbiza mpaka mapezi yakachanika kama ufagio uliochakaa. Ilinibidi nitoe mawe yote, moja baada ya jingine, niyapange katika beseni la kufulia, ndipo nikamkamata. Wewe uliyeishi katika ploti kule Umoja unalijua jambo hili: mpangaji aliyetangulia hujifanya mwenye nyumba, na kamba ya kuanikia nguo huwa ni yake. Ndiyo maana katika tangi dogo mpangilio wa kuwaingiza samaki una uzito sawa na uchaguzi wenyewe. Mwoga huingia kwanza, apate shimo lake na azoee kula, na mwenye ubabe huingia mwisho, akute nyumba ina wenyewe.

Sasa nikwambie ningeweka nani. Ningeanza na gobi mmoja pamoja na kamba wake, yule mwenye gando moja kubwa linalolia kama mtu anayevunja vidole. Hawa wawili huishi shimo moja. Kamba, ambaye haoni vizuri, huchimba na kusukuma mchanga nje kama tingatinga, huku papasi yake moja ikiwa imemgusa gobi aliyekaa mlangoni. Gobi akitikisa mkia, wote wawili hutoweka ndani kabla hujamaliza kupepesa macho. Mimi nimewahi kukaa mbele yao nikasahau sufuria ya chai jikoni. Baada yao ningemleta samaki mmoja wa moto, mwenye kifua cheupe na mkia mwekundu kama kaa linalowaka. Ni mpole na hamsumbui mtu, ila akishtuka huruka, kwa hiyo usimnunue kabla hujafunika tangi kwa wavu. Wangu nilimkuta nyuma ya meza ya televisheni amekauka kama dagaa.

Wa mwisho wawe klauni wawili, na hao tu. Klauni wote huanza maisha wakiwa madume, kisha mkubwa wao hugeuka jike na kutawala. Ukinunua wachanga wawili wanaotofautiana kwa ukubwa watapanga mambo yao wenyewe, lakini ukiongeza wa tatu atapigwa hadi afe. Pwani yetu ina klauni wake, kama vile Amphiprion allardi wa kahawia na Amphiprion akallopisos mwenye mstari mweupe mgongoni, ila kwa tangi lako ningechukua ocellaris wa rangi ya chungwa, ambaye hazidi sana sentimita 8 na siku hizi huzalishwa katika matangi, kwa hiyo amezoea kioo na chakula cha mkononi tangu utoto. Jumla ni samaki wanne na kamba mmoja. Najua ulitaka kumi na mmoja.

Anemone uliyotaka kwa ajili ya klauni, yaani mnyama kama ua ambamo samaki hao hujificha, iache. Inahitaji taa kali na tangi lililokomaa, tena hutembea. Ikichoka mahali ilipo, huhama usiku na kuchoma kila tumbawe inalopitia, na ikinyonywa na pampu huchafua maji yote kwa siku moja. Klauni hawatakufa kwa kuikosa.

Matumbawe yanahitaji maneno mengi zaidi, maana watu huyadhania mawe, kumbe ni viumbe hai. Mwaka jana niliweka tumbawe lile ambalo ncha zake zina umbo la nyundo umbali wa sentimita 8 kutoka kwa jirani yake, nikaona nafasi inatosha. Mchana yalipendeza. Usiku mmoja niliwasha tochi ya simu nikakuta nyundo imetoa nyuzi nyembamba, zinazong'aa kama mate ya buibui, mara mbili ya urefu wake wa mchana, zikipapasa kuelekea mkondo wa maji unakokwenda. Asubuhi jirani alikuwa na doa jeupe la ukubwa wa shilingi, mifupa mitupu. Tangu siku hiyo nyundo ina kona yake, na pande zote nimeacha sentimita 20. Katika tangi lako hiyo ni theluthi moja ya urefu wote, kwa hiyo chagua nyundo moja au usichague kabisa.

Kuna vita vingine visivyoonekana hata kwa tochi. Matumbawe laini yanayofanana na ngozi hutoa kemikali majini ambazo huzuia matumbawe magumu kukua. Mfuko mdogo wa makaa ya kuchujia, unaobadilishwa kila mwezi, husaidia sana, ila mimi nisingechanganya koo hizo mbili katika lita 65. Anza na matumbawe ya uyoga, ambayo huvumilia kivuli na makosa ya mwanafunzi. Yale ya nyota za kijani ni mazuri, lakini hutambaa kama nyasi za kikuyu, hivyo yawekee jiwe lao peke yao, lizungukwe na mchanga. Yale ya vifungo vya rangi yashike kwa glavu, wala usichemshe jiwe lenye mabaki yake, kwa maana baadhi yana sumu kali iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewahi kuwapeleka watu hospitalini. Matumbawe magumu ya matawi membamba yasubiri mpaka mwakani.

Usikubali kipande chochote kilichovunjwa baharini. Matumbawe magumu yanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na katika hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, huruhusiwi kuondoa kitu. Afadhali vipande vilivyokatwa kutoka kwa matangi ya watu.

Maji unayajua: chumvi gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25, na maji yanayokauka yafidiwe kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipandi na mvuke. Julai hii hita usiizime hata usiku mmoja. Subiri wiki sita mpaka amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa tangi, zisome sifuri, hata kama Kioko atakusumbua kila siku akuulize samaki wako wapi.

Vipande vyangu vya uyoga, vitatu vyekundu na kimoja cha kijani, vimeshashika kwenye mawe madogo na nimekuwekea. Tangi likiwa tayari mwishoni mwa Agosti, njoo Jumamosi asubuhi na ndoo yenye kifuniko kinachobana, kwa maana mara ya mwisho nilimwaga maji ya chumvi ndani ya matatu na makanga wa ruti hii bado ananikumbuka.

Wasalaam,
Bakari