Si wewe peke yako, Zuhura

Zuhura mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kuna sentensi moja imenikaa kichwani tangu juzi: "Sijui nina nini, na naona aibu hata kukuambia wewe." Pole sana, ndugu yangu. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana jambo lenyewe si la kumalizwa kwa simu ya dakika tano.

Nianze na langu, ambalo nimekuficha miaka yote hii. Unakumbuka nilivyoacha ghafla kupanda basi, nikawa naenda kazini kwa miguu, nikakuambia nataka kupunguza mwili? Haikuwa hivyo. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama ndani ya basi, nimeshika bomba la juu, abiria wamejaa kama siku zote. Mara moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, kiganja kikawa kinateleza kwenye lile bomba kwa jasho, kifua kikabana, sauti za watu zikawa zinanijia kama kutoka chumba cha pili. Nikajua nakufa. Sikudhani, Zuhura, nilijua. Nikateremka kituo kisicho changu, nikaketi ukingoni mwa barabara. Baada ya robo saa hivi mwili ukatulia wenyewe. Hospitali nilikokwenda walipima moyo, wakasema ni mzima, wakaniruhusu. Hakuna aliyetamka neno wasiwasi. Ulipita karibu mwaka ndipo daktari mwingine akaniambia kwamba lile ni shambulio la hofu, kwamba hupanda kwa kasi, hufika kilele ndani ya dakika chache, kisha hushuka, na kwamba ameona wengi wa namna yangu.

Ndiyo maana uliponieleza ile siku ya kikao, jinsi ulivyohesabu hatua kutoka kiti chako hadi mlangoni, nililia.

Umeniuliza mbona wenzako wako sawa, wewe tu ndiye uko hivi. Hapo nakukatalia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi, na kati yao milioni 58 walikuwa watoto na vijana. Makadirio ya mwaka 2021 yamefika milioni 359. Katika magonjwa yote ya akili hakuna unaowapata watu wengi kama huu. Hata sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi, iko nyuma yake. Ni kama watu wanne katika kila mia. Kikao chenu kilikuwa na watu hamsini, ulivyosema. Basi kwa hesabu hiyo huenda mlikuwa wawili, na yule wa pili naye alikuwa anaukodolea macho mlango huo huo, akiamini yuko peke yake. Na kati ya wanne wanaoumwa, anayepata matibabu ni mmoja tu hivi. Wengine wanafanya kama mimi, wanasingizia mazoezi.

Sisemi kila wasiwasi ni ugonjwa. Kabla ya mtihani, kabla ya majibu ya vipimo, mtoto akichelewa kurudi, nani asiye na hofu? Hofu hiyo ina kazi yake na ikimaliza huondoka. Inakuwa ugonjwa pale isipoondoka, inapozidi mno kile kinachoogopwa, inapokunyima usingizi na kazi na watu unaowapenda. Ule wasiwasi wa kuwaza kila kitu, madaktari huutambua ukiwa umemkalia mtu siku nyingi kuliko zisizo nao, kwa miezi sita au zaidi. Yako yana mwaka sasa.

Sasa, ugonjwa huu umetoka wapi? Najua jibu ulilojipa: kwamba moyo wako ni mwepesi na imani yako haba. Tafadhali liache jibu hilo. Nimekaa na watu waliokuwa na imani kuliko mimi na wewe, na usiku walikuwa wanatetemeka.

Hakuna chanzo kimoja. Ni mambo yanayorundikana mpaka mzigo unazidi. Lipo la damu: uliwahi kunisimulia mama yako alivyokuwa akiamka mara tatu usiku kukagua komeo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi unachangia kati ya asilimia 30 na 50 hivi. Maana yake ni kwamba mtu huzaliwa na kengele ya hatari iliyo nyepesi kulia, lakini si lazima ilie. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, ukubwa wa lozi, inaitwa amigdala, nayo ndiyo inayopiga mbiu ya hatari. Ikishapiga, adrenalini, kemikali ya kuuamsha mwili, humwagika, moyo hukimbia, misuli hukaza, pumzi hufupika. Ukikutana na simba, mwili huo ndio unaoutaka. Kwenye kikao huna pa kukimbilia, basi unabaki umekaa kitini na mwili uliokwisha kujiandaa kukimbia.

Lipo la utotoni. Mtoto aliyefiwa na mzazi, aliyepigwa, aliyelala kila siku bila kujua kesho nyumbani kutakuwaje, hujifunza kukaa macho, na mwili hauambiwi siku ya kuacha. Nawe ulimpoteza baba ukiwa na miaka tisa. Halafu yapo ya ukubwani: deni, kuuguza, ndoa yenye ukatili, kazi isiyo na uhakika. Mwaka wa kwanza wa korona, wasiwasi na sonona viliongezeka kwa karibu robo duniani kote. Sioni namna ya kusema watu wote hao walipungukiwa imani mwaka mmoja. Na sisi wanawake tunapatwa zaidi kuliko wanaume.

Kuna jambo la mwili ambalo watu hulipita haraka, nami sitaki ulipite. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya kasi, jasho na kutetemeka, ukadhani ni hofu. Dawa fulani za pumu nazo hutetemesha. Kahawa nyingi huchochea. Pombe hutuliza usiku na kulipiza asubuhi. Kukosa usingizi nako huzidisha. Kwa hiyo mwambie daktari akupime damu kabla ya kuamua chochote.

Nililotaka kukuambia zaidi ni hili la kukwepa, kwa sababu ndilo lililonikalisha gizani muda mrefu. Kila asubuhi nilipolipita basi nikaenda kwa miguu, nilipata nafuu. Nafuu ile ilikuwa tamu, na ndiyo iliyoniponza: ubongo ulikuwa unajifunza kwamba nimepona kwa sababu nimelikwepa basi, kumbe basi halikuwa na kosa lolote. Baada ya basi nikaogopa lifti, kisha foleni, kisha ukumbi wowote uliojaa. Nawe umeniandikia mwenyewe: kwanza uliacha vikao, kisha arusi, sasa hata dukani unamtuma mtoto. Dunia yako inapungua, Zuhura, nami sitaki ipungue tena.

Mshauri wangu alinirudisha kwenye basi kidogo kidogo. Wiki ya kwanza nisimame kituoni tu, basi lije, liondoke. Kisha kituo kimoja. Hofu ikinipanda nisiteremke, ningoje mpaka ianze kushuka ndipo niteremke. Mara ya kwanza niliing'ang'ania ile bomba nikihesabu vifungo vya shati la mtu aliye mbele yangu, vilikuwa saba, nikavihesabu tena na tena mpaka nikahisi mabega yanalegea. Zipo pia dawa, zile zile zinazotumika kwa sonona, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na huwasaidia wengi. Ila vile vidonge vya kutuliza papo hapo, ambavyo umesema jirani amekupa, nakuomba usiendelee navyo kienyeji. Huzoeleka haraka. Na kama umevimeza kwa wiki nyingi usiviache ghafla pia, mwambie daktari akupangie.

Andika kwenye karatasi hofu ilianza lini, inakujia wapi, unalala saa ngapi, unameza nini. Ukifika mbele ya daktari na kusahau, utasoma.

Nimeomba ruhusa kazini Jumatatu. Saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, twende pamoja kwa daktari. Tukifika kwenye geti ukashindwa kuingia, tutakaa nje hapo hapo mpaka moyo wako utulie, kisha tutajaribu tena. Sina haraka siku hiyo.

Akupendaye,
Mwanaidi