Barua kwa Mjomba, mchoma nyama wa Kwa Mrombo

Shikamoo Mjomba,

Najua barua hii utasomewa na binti yako kwenye simu, jioni, ukiwa umeshafunika makaa. Mwambie asome taratibu. Nina jambo nimelibeba tangu kidato cha kwanza, na sikujua pa kulianzia mpaka Jumamosi iliyopita nilipokwenda Lockhart.

Lockhart ni mji mdogo, kama kilomita 50 kusini mwa Austin ninakoishi. Mwaka 1999 Baraza la Wawakilishi la Texas lilipitisha azimio la kuutambua kuwa makao makuu ya barbekyu ya jimbo zima. Waheshimiwa wabunge, Mjomba, walikaa wakapitisha azimio kwa ajili ya nyama ya moto.

Nilikula Smitty's Market. Ukiingia kwa mlango wa nyuma unakuta chumba ambacho kuta zake zimekuwa nyeusi tii kwa moshi wa miaka mingi. Moto wenyewe uko sakafuni, wazi, magogo yanawaka hatua chache kutoka miguu ya watu waliopanga foleni. Kando yake kuna matanuri marefu ya matofali yenye mifuniko mizito ya chuma. Mchomaji akiinua mfuniko, moshi unapanda mpaka darini na foleni nzima inanyamaza. Nilipofika nyumbani nikavua shati, nikalinusa. Lilikuwa na harufu ya shati lako.

Sasa nikueleze wanavyofanya, maana najua hicho ndicho unachotaka kusikia. Moto hauko chini ya nyama. Uko mwisho mmoja wa tanuri, bomba la moshi liko mwisho mwingine, na nyama inalala katikati. Kinachoiivisha ni hewa ya moto na moshi unaovutwa kuelekea kwenye bomba. Kuni ni za mwaloni wa kwao, zilizokaushwa vizuri, kwa sababu gogo bichi hutoa moshi mchungu. Viungo ni chumvi na pilipili manga tu, basi. Wewe uliyekuwa ukifukuza watu wanaokuja na vichupa vya viungo karibu na jiko lako ungeelewana nao siku ya kwanza.

Na nyama inayotukuzwa kuliko zote ni kidari cha ng'ombe! Ile ile ya kifuani ambayo sisi tunaikatakata kwa supu kwa kuwa ni ngumu. Misuli ile hubeba mwili wa ng'ombe maisha yake yote, kwa hiyo imejaa nyuzi ngumu, na nyuzi hizo huyeyuka kuwa ute laini zikipata joto la polepole kwa saa nyingi. Wachomaji wengi wa Austin huweka moto wa nyuzi 110 hadi 135 hivi, kidari kizima cha kilo tano, sita, saba kikakaa humo saa 12 au zaidi. Pale Smitty's moto ni mkali zaidi na muda ni mfupi. Kuna hatua moja inayowatoa jasho wageni wa kazi hii: joto ndani ya nyama likikaribia nyuzi 70, linagoma kupanda, saa baada ya saa, kwa sababu nyama inatoa maji na maji yakikauka yanaipoza. Asiyejua huongeza kuni na kuharibu kila kitu. Anayejua hungoja, au huifunga nyama kwa karatasi ya bucha na kuirudisha. Ikitoka, imepoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, nje ni nyeusi kama mkaa, na ukiikata unakuta mstari wa waridi chini ya ukoko. Usidhani ni mbichi. Ni moshi ulioshikana na nyama.

Huagizi sahani. Unamwambia mkataji unataka ratili moja au nusu ratili, anakukatia mbele yako, anapima kwenye mizani na kukuwekea juu ya karatasi ya kahawia, pamoja na mkate mweupe. Ukitaka kitunguu kibichi, achari ya matango au maharage, unanunua chumba cha pili. Uma hakuna, unakula kwa mkono. Nilitamani kachumbari na pilipili yako, siwezi kukuficha, na ndizi za kuchoma. Ila ile nyama haikuhitaji kitu. Niliiinua kipande kikajikunja juu ya kidole bila kukatika, mafuta yakang'aa kwenye taa.

Tofauti iliyonigusa ni hii. Kwetu mteja anachagua paja la mbuzi likiwa bichi, anaagiza soda, anaingoja nyama. Texas nyama ndiyo iliyomngoja mteja. Mchomaji alishaamka usiku wa manane akakesha nayo, na ikiisha saa saba mchana imekwisha, hakuna ya kuongeza, wanafunga. Bei yake itakushtua: kidari ni zaidi ya dola 20 kwa ratili, yaani karibu nusu kilo. Watu wanalipa, wanashukuru.

Mambo haya yalianzia kwenye mabucha. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki walifungua mabucha Texas ya kati, na nyama iliyobaki wakaitia moshi isiharibike. Wachuma pamba, wengi wao Weusi na Wameksiko ambao mikahawa haikuwapokea, walinunua pale dirishani na kula kwenye karatasi ile ile. Na upande wa mashariki wa jimbo, waliochimba mashimo na kukesha na nyama kwa ajili ya karamu za mabwana walikuwa watumwa, watu waliotolewa Afrika. Uhuru wao ulipotangazwa Galveston tarehe 19 Juni 1865, walianza kuisherehekea siku hiyo kila mwaka, na nyama ya moto haijawahi kukosekana.

Rafiki zako wa msikitini wakiuliza, waambie matanuri mengi hulaza soseji na mbavu za nguruwe karibu na ng'ombe. Lakini Austin yuko Mmisri, Kareem El-Ghayesh, anayechoma kwa mtindo wa Texas nyama ya halali, na foleni yake si fupi.

Familia iliyokuwa na jengo la Smitty's iligawanyika. Mzee aliwauzia wanawe biashara, na alipofariki jengo likaenda kwa binti; mwaka 1999 waliposhindwa kuelewana, biashara ilihamia jengo jipya mjini humo humo. Siku ya kuhama waliburuta karai lenye makaa ya moto wa zamani, mji mzima ukitazama, ili moto usizimike. Nikikumbuka ulivyobeba makaa kwenye sufuria ulipofukuzwa kwenye kile kibanda cha kwanza, nashindwa kuendelea kuandika.

Nije kwenye lile jambo. Fomu ya shule ya kidato cha kwanza ilikuwa na mstari wa kazi ya mlezi. Nikaandika "mfanyabiashara". Sikutaka wenzangu wajue ada yangu inatoka kwenye jiko la choma. Kila mwaka nikaandika hivyo hivyo, na kila mwaka ulitia sahihi chini yake bila kusema neno.

Kuna mama huku anaitwa Tootsie Tomanetz, aliyezaliwa mwaka 1935. Alianza kuchoma mwaka 1966, na kwa miaka mingi siku za wiki alifanya usafi na matengenezo shuleni, kisha Jumamosi akaingia Snow's, mgahawa wa nyama katika mji wa Lexington, saa nane usiku. Anachota makaa kwa koleo na kuyamwaga chini ya nyama, kama wewe. Jarida la Texas Monthly liliitaja Snow's kuwa ya kwanza Texas nzima mwaka 2008 na tena 2017, na mwaka 2018 jina la mama huyo likaingizwa kwenye orodha ya heshima ya wachomaji wa Marekani. Watu wanasafiri usiku kucha wamwone akishika koleo.

Nisamehe, Mjomba. Wiki hii mwanangu ameleta fomu ya shule, nami nimemsimulia habari zako. Penye kazi ya babu nimeandika: mchoma nyama, Arusha.

Sasa naomba kitu kimoja. Ijumaa mwambie mwenye bucha akuwekee kidari kizima, kisikatwe, kibaki na mafuta yake unene wa kidole. Kipake chumvi na pilipili manga, ukilaze mpaka Jumamosi. Sogeza makaa yote upande mmoja, nyama iwe upande wa pili, ufunike. Nitakupigia video saa tatu usiku za kwenu, huku ni saa saba mchana, nami nitakuwa nimewasha wangu.